Saa ya Bwana Kessler

Saa yangu ya kwanza niliikuta kwenye nguo za mtumba. Ilikuwa miaka ile serikali iliporuhusu marobota yaingie, na sisi tuliozoea kushona kiraka juu ya kiraka tukageuka ghafla kuwa watu wa kuchagua. Mimi nauza makoti ya wanaume, na kazi ya kwanza ya muuza makoti ni kupekua mifuko. Utakuta tiketi ya treni, leso, pipi iliyogandia kwenye bitana. Siku hiyo, ndani ya kifuko kidogo cha kizibao, nikakuta saa isiyo na mkanda, nzito, imelala humo kama yai.

Mume wangu akasema niiuze. Nikamwambia auze yake. Nikaipeleka Daraja Mbili, Arusha mjini, kwa Mzee Anande, fundi saa, nikiwa nimeifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga. Akaifungua, akacheka, akaniambia ni ya fedha, si dhahabu, lakini ina umri mkubwa kuliko bibi yangu. Basi ugonjwa ukanianza. Wanaonijua wanajua kwamba jambo likishaniingia kichwani halitoki kwa kuombwa.

Kila nikipata nafasi nilikuwa kwenye kiti cha Mzee Anande namsumbua kwa maswali. Kwa nini hii ina tundu nyuma? Kwa sababu za zamani kabisa zilitiwa ufunguo wa kweli, kidude kidogo cha chuma ambacho kila mtu alikipoteza. Kwa nini hii ina mifuniko miwili? Ili kioo kisivunjike mtu akiwa juu ya farasi. Kwa nini watu waliziacha? Akaniambia ni vita, ile ya kwanza ya Wajerumani. Askari aliyelala kwenye handaki na bunduki mkononi hawezi kupapasa mfuko wa kizibao kutafuta saa, kwa hiyo wakazifunga mikononi kwa mikanda, na waliporudi makwao hawakutaka tena za mfukoni. Mambo kama haya yalinifurahisha hadi nikasahau kupika.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa ndani ya mfuniko wa nyuma. Ukitazama kwa lenzi unaona mikwaruzo midogo, imeandikwa kwa sindano.

"Kila fundi anayeifungua huacha alama," aliniambia. "Tarehe, sahihi yake, na jina la mwenye saa. Kama aliyeileta si mwenyewe, anaandika na la mletaji, asije mwingine akajifanya ndiye. Yule bwana wangu Mgoa aliyenifundisha kazi alikuwa hakosei hata siku moja. Mwenye saa haoni maandishi hayo. Anayeona ni fundi atakayekuja baadaye."

Lenzi ile nilimnyang'anya. Yeye anasema niliinunua, lakini ukweli ni kwamba nilimnyang'anya.

Mwaka tisini na mbili, siku ya gulio la Ngaramtoni, alikuja mwanamume mmoja kwenye meza yangu akajaribu koti la kahawia. Alikuwa Mwarusha wa makamo, mrefu, anaitwa Lemomo. Koti lilimkaa vizuri na alijua limemkaa vizuri. Akaniuliza, kana kwamba ni mazungumzo tu, kama ni kweli mimi ndiye yule mama anayependa saa mbovu. Nikamwambia ndiye. Akatazama kushoto na kulia, akatoa chini ya shuka kipande cha ngozi, akakikunjua.

Ndani mlikuwa na saa. Ilikuwa ya dhahabu, mifuniko miwili, maua yamechorwa pembezoni kwa mkono wa mtu aliyekuwa na subira. Nilifungua mfuniko wa mbele. Uso mweupe, mishale ya buluu, na upande wa ndani wa dhahabu muhuri mdogo sana: jua, na taji katikati ya jua, na namba 585. Huo ni muhuri wa Wajerumani, maana yake sehemu mia tano themanini na tano katika elfu ni dhahabu tupu. Mfuniko wa nyuma ulikataa kufunguka. Bawaba yake ilikuwa imeziba kwa mafuta ya kondoo, ya zamani, magumu kama sabuni.

"Jumamosi anakuja mtu wa madini kuipima," Lemomo alisema. "Ataiyeyusha. Anaitwa Philemoni."

Kuyeyusha! Nilikaribia kumpiga kwa henga ya koti. Philemoni namjua kama ninavyojua meza yangu. Ni mdogo wa mume wangu. Alishuka kutoka Marangu na shati moja, akaingia kwenye tanzanaiti, sasa anaendesha pikapu na kuipenda dhahabu kama mchinjaji anavyompenda ng'ombe.

"Saa ni ya nani?" niliuliza.

"Ya mzee wetu. Amefariki siku nyingi."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Lemomo akatazama makoti. "Baba."

"Baba nani?"

"Mama, unauza koti au huuzi?"

Niliona ajabu, lakini nilikuwa na hamu ya saa kuliko hamu ya majina. Nilimvuta kidogo kidogo mpaka akanieleza. Baba yake alikuwa kijana wa kazi kwenye shamba la kahawa la Mjerumani, Bwana Kessler, chini ya mlima. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza wakamchukua Kessler na Wajerumani wenzake, wakawaondoa nchini, na hakurudi tena. Saa yake ya dhahabu ikatafutwa haikuonekana. Baba yake akaulizwa, akasema hajui. Akafungwa. Miaka baadaye, saa ikaonekana nyumbani kwake.

"Kwa hiyo tangu zamani sisi ni watoto wa mwizi," Lemomo alisema, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kijiji chake. "Mimi nimezoea. Mama yangu ndiye hajazoea. Amesema saa haitoki ndani ya boma mpaka ajue kama iliibwa au haikuibwa; leo nimeitoa kwa siri. Kama iliibwa, hataki wajukuu wale kitu chake; itupwe mbali. Sasa nani atamwambia? Kessler? Nimemwambia mama, hao wote ni marehemu."

"Nitakuja Jumamosi," nilisema. "Usimruhusu Philemoni aiguse kabla yangu."

Nitasema wazi nilichokuwa nacho moyoni: niliitaka ile saa. Nilijiona tayari nimeiweka kwenye kopo langu la Blue Band pamoja na zile nyingine, nayo inazitia aibu. Lakini pia nilitaka kujua, na kwangu mimi kutaka kujua huwa ni njaa ya kweli kabisa.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikapu ya Philemoni, yeye akinung'unika njia nzima kwamba shemeji gani huyu anayefuata biashara za watu. Tuliacha lami Ngaramtoni tukapanda upande wa mlima, katikati ya mahindi na migomba, vumbi la jivu likiingia hadi kwenye meno. Meru alikuwa amejifunika mawingu kichwani. Boma lilikuwa na nyumba ya bati mbele na ya udongo nyuma, na mama yake Lemomo alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa ile ya udongo. Jina lake Nkasiogi. Nywele amenyoa, shanga shingoni, na kwenye shanga hizo amening'iniza msalaba mdogo wa Kilutheri.

"Takwenya, koko," nilimsalimia bibi huyo kwa Kimaasai changu cha sokoni, maana Waarusha nao husema Kimaasai.

"Iko," aliitikia, akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

Tukaingia ndani tukaletewa chai ya maziwa. Philemoni akatoa mizani yake ndogo akaiweka mezani. Nkasiogi akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja, bila kusema neno, akaanza kuzungumza nami. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, akikwama Lemomo anamsaidia.

"Alinioa akiwa ametoka jela," alisema. "Sikujua habari ya saa. Siku moja nikaiona ndani ya ngozi, anaipangusa. Nikamuuliza, umeiba? Akasema, si yangu, niache. Sikumuuliza tena. Halafu nikazika mtoto. Nikazika wa pili. Ndugu yake mkubwa akaja hapa akasimama mlangoni akasema kitu cha wizi kinakula watoto. Mimi nikamwambia mume wangu akitupe. Akakataa. Mtu mpole, hajawahi kunipiga, lakini hilo alikataa. Alipokufa, kanisani wamama hawakukaa benchi moja na mimi." Akaushika msalaba wake. "Miaka yote namchukia kwa hiyo saa, na huku namlilia. Nimechoka, mwanangu. Kama aliiba, niambie aliiba, nimchukie vizuri."

Hata Philemoni alikuwa ameacha kuchezea funguo zake.

"Mzee alikuwa anaitwa nani, koko?" niliuliza.

Akanyanyua kikombe akanywa. Lemomo akatazama dari. Nikajiambia labda hawakusikia.

Niliomba kitambaa na birika la chai. Lemomo aliponipa saa niliifunga kwenye kitambaa, nikaushikiza mfuniko wa nyuma ubavuni mwa birika, nikangoja.

"Shemeji, unaipika?" Philemoni aliuliza.

"Wewe ulitaka kuiyeyusha. Nyamaza."

Mafuta yakaanza kulainika, yakatoa harufu ya kondoo. Niliyafuta, nikarudia tena. Nilipoingiza ukucha wa kidole gumba, mfuniko ukaachia kwa mlio mdogo, na wote watatu wakainama kwa pamoja mpaka nikawaomba mwanga. Nilikwenda mlangoni, nikabana lenzi jichoni.

Ilikuwa imejaa maandishi. Juu kabisa mikwaruzo ya Ulaya, herufi zenye mikia nisizoweza kuzisoma. Chini yake, kwa mkono mwingine, mwaka thelathini na sita, jina Kessler, na pembeni herufi D iliyolazwa chali. D ile niliijua. Mzee Anande alishanionyesha kwenye saa zaidi ya moja. Ilikuwa sahihi ya yule bwana wake Mgoa.

"Hapa Kessler aliipeleka kwa fundi Arusha, kabla ya vita," nilisema. Nikageuza saa kidogo. "Hapa tena. Kessler. Mwaka arobaini na saba, fundi yule yule."

"Arobaini na saba Kessler hakuwepo," Lemomo alisema.

"Hapa tena Kessler. Hamsini na moja. Na hapa Kessler, hamsini na sita. Na hii ya mwisho, sitini. Kessler."

"Huyo fundi alikuwa mlevi," Philemoni alisema. "Mtu ameshaondoka nchini, anapelekaje saa?"

"Hakupeleka yeye. Fundi anaandika jina la mwenye saa. Jina la mwenye saa analipata wapi? Anamuuliza aliyeileta." Sasa maneno yalikuwa yananitoka haraka kuliko nilivyoweza kuyapanga. "Mwizi akiulizwa saa ni ya nani, atasema yangu. Au ataizika, hataipeleka mjini kwa fundi aliyeshaishika mwaka thelathini na sita na kumjua mwenyewe! Huyu alikwenda mchana kweupe. Miaka na miaka alikuwa anailipia kusafishwa, na kila akiulizwa ni ya nani anasema ya Kessler. Alikuwa anaitunza, koko. Aliachiwa amana, akawaficha Waingereza wasiichukue, akawa anamngoja mwenyewe arudi."

Nkasiogi hakutikisika. "Nani alikuwa anaipeleka?" aliuliza taratibu. "Labda mtu mwingine."

"Si mtu mwingine, ameandikwa hapa hapa," nilisema, nimefurahi hadi nimekuwa mjinga. Nilisogeza lenzi. "Tangu arobaini na saba, chini ya kila Kessler kuna jina la mletaji, dogo. Hili hapa. Loishiye."

Binti aliyekuwa anakusanya vikombe alitoka nje mbio. Nilipoondoa lenzi jichoni nikamwona Nkasiogi ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Lemomo alikuwa amesimama.

"Mama Elinaza," aliniita kwa jina la mwanangu. "Kwetu aliyekufa hatajwi. Hatajwi! Hata shuleni sisi tumeandikwa kwa jina la ukoo. Watoto wangu hawalijui jina la babu yao. Tangu tumemzika hakuna aliyelitamka ndani ya boma hili, na wewe unakuja kulipiga kelele mlangoni."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimeuza makoti Ngaramtoni miaka yote hiyo, nimejiona naijua Ngaramtoni na watu wake, kumbe najua vipimo vya mabega yao tu. Niliomba radhi kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kichaga bila kujitambua. Philemoni alikuwa ameshabeba mizani yake kwapani, tayari kukimbia.

Nkasiogi akashusha mikono. Akasema kitu kwa Kimaasai. Lemomo akakataa kwa kichwa. Akasema tena, kwa ukali, na Lemomo akakaa.

"Limeandikwa?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Limeandikwa, koko. Nisamehe."

"Chini ya la Mzungu?"

"Kila mahali. Lake liko chini, la Mzungu juu."

Akanyoosha mkono nikampa saa. Akapitisha kidole ndani ya mfuniko, polepole, mahali ambapo kidole hakiwezi kuhisi kitu. "Mara ya mwisho kulisikia jina hili," alisema, "walilitaja pamoja na neno mwizi. Ndivyo lilivyobaki masikioni mwangu. Mimi siwezi kulisema. Huyu hawezi. Wewe si wa kwetu, huna kosa." Akanirudishia saa. "Soma kama lilivyoandikwa."

Nilimtazama Lemomo. Alikuwa ameinamisha uso, hakukataa.

"Saa ya Kessler," nilisoma. "Mletaji, Loishiye."

"Na nyingine."

"Saa ya Kessler. Mletaji, Loishiye."

Nilisoma zote nne. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yanafuata mikunjo ya uso na kudondokea kwenye shanga, naye hakuyafuta. Mimi nilikuwa nalia pia, na sioni sababu ya kuficha.

Philemoni, ambaye hana akili ya kujua wakati, akakohoa. "Sasa kama haikuibwa, basi tunaweza kupima?"

"Haipimwi," Lemomo alisema. "Si yetu. Hukusikia? Ina mwenyewe."

Hapo nilisikia uchungu wa namna nyingine, maana nami ndoto yangu ya kopo la Blue Band ilikuwa imekufa pale pale. Ningeweza kuwaambia Kessler ameshaoza huko kwao. Sikusema. Niliufunga mfuniko, nikaikunja saa kwenye ngozi yake, nikaiweka mapajani mwa Nkasiogi.

Lakini akaikunjua tena. "Lemomo, kamwite baba yako mkubwa," alisema. "Mwambie namtaka mimi."

Lemomo akasita. Baba yake mkubwa ndiye yule aliyesimama mlangoni siku za misiba na kusema kitu cha wizi kinakula watoto. Alikuwa bado hai, anakaa boma la juu, na kwa umri wake haitwi na mwanamke. Yeye ndiye huita. Nkasiogi akarudia maneno yale yale, na mwanaye akaenda.

Tulikaa tukingoja. Chai ilishapoa. Nkasiogi alikaa wima kwenye kiti chake, saa imefunguliwa mapajani. Hatimaye kivuli kikaingia mlangoni, mzee mrefu wa fimbo, blanketi begani, pumzi zimemwishia kwa mteremko. Nilisimama nikasema shikamoo, akanipa marahaba huku anamtazama shemeji yake, anangoja asalimiwe. Nkasiogi hakumsalimu.

"Soma," aliniambia.

Nilibana lenzi jichoni nikasoma, mwaka na majina, mwaka na majina, na kila nilipofika jina la pili nilisikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu. Hakunikatiza. Nilipomaliza Lemomo akamweleza kwa Kimaasai, kwa kirefu, habari ya mafundi na sindano zao. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi, mgeni.

"Alisema ni ya Mzungu?" aliuliza kwa Kiswahili. "Yeye mwenyewe alisema hivyo?"

"Kila alipoulizwa, mzee. Miaka yote."

Akatazama mlango aliosimama pale zamani. Kisha akashuka chini, kwa shida, goti moja, goti la pili, mpaka akakaa kwenye sakafu mbele ya mke wa mdogo wake, mzee mzima, blanketi limemwanguka begani. Lemomo akainuka amsaidie.

"Mwache," Nkasiogi alisema.

Akamwacha mzee akae pale sakafuni. Kuku aliingia, akatoka. Mzee hakuinua uso, na Nkasiogi alimtazama kichwa chake cheupe muda mrefu, kama mtu anayesoma. Halafu akashusha pumzi.

"Basi," alimwambia mwanaye. "Mpe kiti, na umchemshie chai nyingine."